Bomba la Ukuta wa Nyuma

Msambweni,
3 Juni 2024

Mwanangu Hanifa,

Marahaba. Natanguliza kuitikia, maana kwa hasira ulizo nazo najua shikamoo utaisahau. Salamu zangu ni nyingi kuliko maji. Maji hakuna.

Unauliza kwa nini sipokei simu. Simu uliyoninunulia imo ndani ya birika la chooni. Niliinama nimulike kutu kwa tochi yake, ikaniponyoka, ikalia kama bata, ikanyamaza. Usininunulie nyingine. Kwenye simu wewe husema nami husikiliza, na nikianza kusema mimi unaniambia kengele ya shule imelia. Kwenye barua huwezi kunikatiza. Hii itakufikia kwa mkono wa Mwinga, akirudi huko Samburu baada ya kuuza mbuzi wake Kombani. Ikinuka beberu, ujue si mimi.

Fundi wako amefika. Hukuniambia kwamba ni mwanamke. Nilifungua mlango nikaona msichana amevaa suruali ya mifuko mpaka magotini, nikamwambia, "Mama, Hanifa hayupo, anafundisha Samburu." Akanijibu, "Mzee wangu, mimi ndio plamba. Naitwa Judy, nimetoka Ukunda." Basi nikamkaribisha. Akaitazama sufuria jikoni akasema chai yangu imekolea sana. Nikamwambia hayo ni maji, majani bado sijatia.

Sikatai, mabomba yamezeeka. Tuliyatia mimi na marehemu mama yako tulipojenga, ya chuma, na chuma hakielewani na chumvi ya pwani hii. Kanzu yangu ya Ijumaa nikiifua inatoka kama imevuliwa matopeni. Nawe umesema wageni wa hitima ya mama yako mwezi wa nane hawatatawadha kwa kutu, na kwamba kazi isipokwisha utanichukua nikakae kwako. Nimesikia. Mimi, Boga, niende Samburu nikahesabu malori!

Ila nina ombi moja. Afanye jiko, afanye choo, afanye birika. Lile bomba la ukuta wa nyuma aliache lilivyo. Halivuji, halina neno, halijamkosea mtu.

Baba yako,
Boga

*

Samburu,
7 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Umeona sijaisahau.

Barua imenuka beberu kweli. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale pa ukuta wa nyuma. Baba, hilo bomba ndilo linaloingiza maji yote kutoka kwenye mita. Fundi amenieleza: likiachwa, mabomba mapya yatanyweshwa kutu ile ile ya zamani. Mtu haogi akarudia kuvaa nguo chafu.

Hapa watoto wanakuja shule na vidumu, kila mmoja na chake, na siku gari la maji lisipokuja tunafundisha midomo imekauka. Wewe maji yamekufuata mpaka mlangoni, nawe unagombana na mtu anayetaka kuyasafisha. Mwezi wa pili ulilala hospitali kwa tumbo. Daktari aliuliza unakunywa nini, ukamwambia unakunywa historia. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, mimi ndiye niliyekesha kwenye benchi.

Yanabadilishwa yote. Nakuomba kwa adabu, lakini ombi hili lina meno.

Mwanao,
Hanifa

*

Msambweni,
9 Juni 2024

Kwa Maalim Abdulwahab, Majoreni

Asalaam alaykum, Maalim. Katika wote tuliochapwa pamoja chuoni, wewe ndiye uliyetoka na elimu. Mimi nilitoka na alama za bakora. Leo nataka elimu hiyo ifanye kazi, isiishie kukunenepesha tumbo kwenye maulidi ya watu.

Unamjua jirani yangu Mwanarusi, ukuta kwa ukuta. Mwaka aliofiwa na mumewe alikaa eda, haruhusiwi kutoka, hana mtoto wala mjukuu wa kumtekea, na kisima kiko kule bondeni. Zainabu wangu aliliona hilo. Akamleta fundi, akapitisha bomba chini ya ukuta wetu wa nyuma, koki ikachomoza uani kwa Mwanarusi. Kisha akamwendea akamwambia, "Mwenzangu, mradi wa maji umekufikia."

Ndio mwaka ule walipokuja watu wa wafadhili wakasimika kibao chenye picha ya mikono miwili inayopeana. Kibao kilifika, maji hayakufika. Mwanarusi akaamini, na mpaka leo anaamini. Kila akifungua ile koki namsikia: "Mola awazidishie wafadhili!" Wafadhili, Maalim! Mita inazunguka kwangu, dua inapaa Ulaya.

Zainabu aliniusia: watoto wasijue, jirani asijue, sadaka ikijulikana huliwa na sifa. Wewe hakukutaja. Nimeupekua wasia wote, hukumo. Na alipokuwa kitandani, siku za mwisho, aliniambia, "Boga, likitiririka lile bomba, nami nimo."

Sasa Hanifa ameleta fundi wa kung'oa kila kitu. Swali langu ni hili. Chuma cha Zainabu kikitoka, likaingia bomba la plastiki la Hanifa, thawabu za marehemu zinakatika? Zinahamia kwa mtoto? Au zinakifuata chuma jalalani? Nikimwambia Hanifa sababu, nimeuvunja wasia. Nisipomwambia, bomba linang'olewa. Usinicheke, nijibu upesi. Msichana ameanza kugonga ukuta.

Mwenzako wa bakora,
Boga

*

Msambweni,
17 Juni 2024

Mwanangu Hanifa,

Marahaba. Kama ulitaka kuniua, ungenisukuma mwenyewe kisimani, ingekuwa kazi ya mara moja.

Sebule ina handaki. Kutoka kitandani mpaka chooni napita juu ya ubao kama mtu anayevuka mto, na mzee wa umri wangu safari hiyo hasafiri mara moja. Fundi wako alifunga maji, akachimba, akagundua hana kiungo, akaenda Ukunda kukitafuta. Akarudi na kiungo kidogo. Akarudi tena Ukunda. Akaja na kikubwa. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe unabahatisha kama anayenunua viatu vya mtoto wa jirani." Akasema, "Mzee, hizi paipu zako ni za kitambo, saizi yake haiko tena duniani." Yaani mimi na mabomba yangu tumeshafutwa.

Vumbi la chokaa liko kwenye wali, liko kwenye masikio, limeingia mpaka ndani ya msahafu.

Kuhusu ukuta wa nyuma, nimefanya niwezalo. Nilimwambia una jini. Akaweka nyundo chini, akauliza, "Hiyo jini iko na presha ngapi?" Nikamfichia spana ndani ya pipa la mchele. Akaitisha nyingine. Nikamwambia leo ni siku mbaya kwa kubomoa kuta. Akaniuliza siku nzuri ni lini, nikamwambia baada ya kufa kwangu. Akacheka, akaendelea kugonga.

Mwite arudi kwao, Hanifa. Maji mekundu nimeyazoea, na yenyewe yamenizoea.

Na ukisikia watu wanasema lolote kuhusu mimi na ndoo, usisikilize. Watu wa mtaa huu hawana maji, wana maneno.

Baba yako aliye handakini,
Boga

*

Samburu,
22 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesikia.

Mwanzo ni Esha wa mtaani kwetu. Amenipigia kuniuliza kama ni kweli naletewa mama mpya. Anasema kila alfajiri, watu wakitoka msikitini, unaonekana unaingia uani kwa Bi Mwanarusi na ndoo, unatoka unajipangusa jasho. Nikamwambia asiniletee uzushi. Nikakata simu nikiona haya.

Jioni yake fundi Judy akanipigia. Amefika ukuta wa nyuma. Amekuta bomba letu limechepushwa, kiungo kimetiwa siku nyingi na kikafunikwa kwa saruji vizuri kabisa, na tawi lake limepita chini ya ukuta mpaka kwa Bi Mwanarusi. Maneno yake: "Madam, mnaibiwa maji tangu zamani. Na mwizi mwenyewe ni mtu wa mpango."

Kumbe ndiyo sababu ya jini! Ndiyo sababu ya spana ndani ya mchele! Ulijua, Baba. Umemjua mwizi na umemfichia, kwa sababu ni yeye unayempelekea ndoo. Mwanamke niliyekuwa nikimwita mama mdogo, aliyekaa kichwani kwa maiti ya mama yangu akilia kuliko sisi, kumbe akirudi kwake anafungua koki ya wizi.

Nimemwambia fundi alizibe hilo tawi. Shule zikifungwa nakuja, na kabla ya hitima mimi na Bi Mwanarusi tutakwenda kwa chifu. Kwenye kisomo cha mama yangu hatakanyaga.

Ukitaka kuoa, Baba, ni haki yako. Lakini usioe kwa maji ya Mama.

Hanifa

*

Msambweni,
24 Juni 2024

Maalim,

Uko hai? Kama umekufa niarifu nije kuzika. Kama uko hai huna udhuru.

Koki ya Mwanarusi imezibwa. Nilimwambia fundi ukuta una jini, akaniuliza jini lina presha ngapi; nikamfichia spana, akaitisha nyingine. Tangu maji yalipofungwa kwangu nilikuwa nimeshaanza kumpelekea ndoo ya maji ya kisima alfajiri, nikamwambia mradi una matengenezo na mimi wamenipa kibarua cha kuwagawia watu maji. Basi nimekuwa tarishi wa wafadhili, kwa magoti haya. Na unafikiri anashukuru? Juzi kanipokea mlangoni mikono kiunoni: "Boga, mradi gani huu unachelewa hivi? Waambie wakubwa zako wapeleke kijana, wewe unamwaga nusu njiani." Nikamwambia nitawafikishia.

Halafu akachoka nami, akajifunga kanga akaenda mwenyewe ofisini kwa chifu kudai mradi wake. Karani kapekua, kamwambia mradi kwa jina hilo haupo na haujapata kuwapo. Mwanarusi kapiga meza: "Nakunywa kitu kisichokuwapo?" Basi wamesema watatuma mtu kuja kufuata lile bomba lilikotoka. Litakuwa limetoka wapi, Maalim, ila kwangu?

Na kwa upande wa pili Hanifa anamwita mwizi. Barua yake ninayo, imenichoma kuliko chai. Mjane wa watu, hajui kitu, mtu wa kwanza kutawadha kwa ajili ya sala, leo mwizi. Na ameitwa hivyo na mtoto aliyemlea mgongoni.

Nikinyamaza namuua Mwanarusi. Nikisema namuua Zainabu mara ya pili. Nijibu, mzee wewe, au nije Majoreni nikujibishe kwa bakora.

Boga

*

Majoreni,
27 Juni 2024

Kwa Boga, mwanafunzi aliyekuwa akijificha nyuma ya pipa siku ya kusikilizwa sura

Waalaykum salaam. Barua yako ya kwanza ilifungiwa pweza na muuza samaki uliyempa. Nimeipata jana pamoja na ya pili, imelowa, na sehemu za matusi ndizo zilizosalia wazi.

Sikiliza. Thawabu hazikai ndani ya chuma. Kisima kikiporomoka, watu wakakifukua upya, aliyekichimba mara ya kwanza hafutwi jina lake. Kinachotazamwa ni maji: yanamfikia mwenye kiu au hayamfikii? Kwa sasa, kwa akili zako na jini lako na spana yako, hayamfikii. Umelinda bomba, umepoteza maji. Ling'oe, tia jipya. Hanifa akitia nia ana fungu lake, na la mama yake halipungui hata tone.

La pili. Zainabu alificha mkono wake asisifiwe. Hakuuficha ili mtu mwingine atukanwe. Siri inayomgeuza mjane kuwa mwizi imeshatoka kwenye sadaka, imeingia kwenye dhulma. Mwambie mwanao. Mwanarusi muache na mradi wake.

Na hilo la dua kupaa Ulaya, astaghfirullah, Boga. Kwani Mola anahitaji anwani?

Salamu kwa fundi. Huyo msichana wa jini na presha ningempata chuoni, ningekuwa na mwanafunzi.

Abdulwahab

*

Msambweni,
29 Juni 2024

Hanifa mwanangu,

Bi Mwanarusi si mwizi. Lifute neno hilo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Lile tawi alilitia mama yako. Mwanarusi alikuwa edani, hana wa kumtekea, na mama yako hakuweza kunywa maji huku anamsikia mwenziwe ng'ambo ya ukuta anakwangua mtungi. Akamdanganya kwamba ni mradi. Mwanarusi hajui mpaka leo. Mimi nilijua, na niliusiwa nisikwambie, wala nisimwambie jirani yeyote, ili sadaka isiliwe na sifa. Ndilo jini langu hilo, na sasa nimelitoa.

Wakati huo wewe ulikuwa chuo cha ualimu. Ulirudi kwa Idi ukamkuta mama yako hana cherehani, akakwambia imeharibika, imepelekwa kwa fundi. Ukarudi chuoni na gauni la mwaka uliopita, na ukamnunia mpaka siku ya kuondoka. Haikuharibika. Aliiuza. Ndiyo hiyo imo ndani ya ukuta, Hanifa. Fundi wako akigonga pale nilikuwa nasikia cherehani.

Nilidhani likitoka bomba, naye ametoka. Mimi elimu yangu unaijua, niliacha shule siku walipoanza kukata nambari vipande. Nimemuuliza Maalim Abdulwahab. Anasema maji ndiyo yanayohesabiwa, chuma ni chuma tu, na mimi ni mjinga. Hilo la mwisho aliliandika kwa maneno mengi.

Kuhusu kumtaka Bi Mwanarusi: ningemtaka ningekwenda mchana, nimevaa kanzu, na wazee nyuma yangu. Mwanamume gani huposa alfajiri kwa ndoo inayovuja? Mwambie Esha hivyo. La, usimwambie kitu.

Sasa nimesema. Bomba, jirani na mama yako, wote wako mkononi mwako.

Baba yako,
Boga

*

Samburu,
3 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua nimeisomea ofisini, walimu wenzangu wakanipa pole ya mafua. Nimewaitikia.

Lile gauni nililichoma pindo kwa pasi makusudi, ili anishonee jipya. Alikaa akalipinda kwa mkono, na sindano. Nami nikamwona mvivu.

Nimempigia Judy. Nimemwambia aling'oe lote la nyuma, na pale penye kiungo cha zamani atie kipya, na tawi la kwenda ng'ambo liwe la kwanza kupata maji kabla ya choo chako. Akashangaa: "Madam, kwa huyo mwizi?" Nikamwambia nilikosea, hakuna mwizi, kuna mradi. Akauliza, "Mradi wa nani?" Nikamwambia haujulikani, na ndivyo ulivyo. Nadhani ameelewa. Alisema hata kwao kuna shangazi yake mmoja alikuwa na mradi wa namna hiyo.

Mimi sijui kitu, Baba. Ukiniuliza mwezi wa nane, sijui kitu.

Hanifa

*

Msambweni,
10 Julai 2024

Mwanangu Hanifa,

Marahaba, mara nyingi.

Handaki limefukiwa. Nimeshalizoea mpaka leo nimenyanyua mguu kuuvuka ubao ambao haupo, nikajigonga mlangoni. Maji yanatoka meupe. Nimepika chai, kwa mara ya kwanza nikaona majani yenyewe yana rangi gani.

Vile vyuma fundi kavipakia kwenye tuktuk avipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kile cha ukuta wa nyuma nikakishika kabla hakijaondoka. Nilingoja kusikia kitu. Kilikuwa kizito, kimeoza, kimeniachia kutu mkononi. Nikakirusha mwenyewe juu ya vingine.

Mtu wa ofisi ya chifu, aliyeahidiwa Mwanarusi alipokwenda kudai mradi wake, hakuja, na kwa ninavyowajua hatakuja. Kaja Judy. Kavaa kofia yake ya kazi, kaenda kwa Mwanarusi, kabisha hodi: "Mama, sisi ni wa mradi." Wee! Kilichomkuta. Mwanarusi kamsomea mashtaka yote tangu ndoo ya kwanza, na kamwambia yule kibarua wao mzee anayeitwa Boga wamwachishe, hana nguvu na ana domo. Msichana kaitikia, "Sawa mama, tumemfuta." Nimefutwa kazi na mradi wangu mwenyewe. Kisha Mwanarusi kampa nazi za kupeleka kwao, na kweli msichana kazibeba.

Koki ilikohoa, ikatema pumzi, ikatema wekundu, halafu yakaja. Mwanarusi kaonja, kayazungusha mdomoni. Kasema haya hayana ladha, yale ya mwanzo yalikuwa na madini. Hashukuru huyo, nakwambia.

Ukija mwezi wa nane atakuwa wa kwanza jikoni kwenye hitima, na atakusimulia habari za mradi tangu mwanzo. Usicheke, na usilie. Kata vitunguu.

Nilikuwa nimesimama upande wangu wa ukuta wa nyuma, plasta bado mbichi, nikamsikia anaweka ndoo chini, anainua mikono: "Mola awarehemu wafadhili waliokufa, na awape umri walio hai." Nikasahau nilipo, nikaitikia "Amin" kwa sauti.

Halafu kapaza sauti, "We Boga! Dua ya mradi unaitikia ya nini, nawe mradi wenyewe umekufukuza?"

Nikamwambia, "Soma tu, Bi Mwanarusi. Huenda ikanifikia na mimi."

Baba yako,
Boga